Vespa iliyopata ajali: uinunue au uiache?

Unguja ni kisiwa cha Vespa. Pita Darajani asubuhi au Michenzani jioni, utaziona zikipenya kati ya magari na watu, baba mbele, mama nyuma, mtoto amesimama katikati na mkoba wa sokoni umening'inizwa kwenye ndoano. Na kila palipo na Vespa nyingi zinazotembea, pana nyingi pia zilizolala: moja ukumbini imefunikwa shuka, nyingine chini ya mwembe, nyingine nyuma ya gereji ikiwa imegongwa mbele au injini imenoki tangu masika iliyopita. Mwenyewe amechoka kuitazama na yuko tayari kuitoa kwa bei ya chini. Wewe unataka usafiri, pesa yako haitoshi kununua nzima, na moyo umeshaanza kuipenda.

Kabla hujatoa hata shilingi ya arbuni, jua kwamba wanunuzi wengi huanza pabaya. Hupiga kiki, husikiliza injini, injini ikiwaka wanafurahi na isipowaka wanaondoka. Bodi huitazama kwa jicho moja. Karatasi huziulizia pesa ikiwa imeshahesabiwa. Wewe pindua mpango huo: karatasi kwanza, bodi ya pili, injini mwisho. Vespa yenye injini iliyokufa inaweza kuwa ununuzi mzuri sana. Vespa yenye bodi iliyopinda au karatasi za mashaka haifai, hata ukipewa kwa nusu ya nusu ya bei.

Vespa imejengwaje

Vespa ilitoka katika kiwanda cha Piaggio, Pontedera, Italia, na maombi ya hataza yake yaliwasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki. Akaiacha fremu ya mabomba. Pikipiki ya kawaida ina mabomba ya chuma ndani na mapambo juu yake, kwa hiyo pambo likivunjika unabadilisha pambo na fremu inabaki ilivyo. Vespa ni kama kaa, gamba lake ndilo mifupa yake. Mabati yaliyokandamizwa na kuchomelewa pamoja ndiyo yanayobeba injini, foku, tangi na wewe mwenyewe. Bati la mbele linalokinga miguu, sakafu unayokanyaga na mgongo ulio chini ya kiti ni kitu kimoja. Likijikunja moja, chombo kizima kimejikunja.

Injini nayo iko upande wa kulia, imeshikwa na bolti moja ndefu kwa mbele na shokapu moja kwa nyuma. Mnyororo hakuna, gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye shafti inayotoka giaboksi. Fundi akifungua bolti hiyo, shokapu, waya za gia, klachi na breki, mpira wa petroli na nyaya za umeme, injini nzima inashuka chini. Itawekwa mezani, itatiwa bloku, pistoni, beringi na sili mpya, kisha itarudi mahali pake. Ikishindikana kabisa, unatafuta injini nyingine. Hakuna fundi atakayekubadilishia bodi kwa wepesi huo, na kila bodi ina nambari yake iliyoandikwa kwenye kadi.

Mwongozo huu unaifuata zaidi PX, aina iliyoanza kutoka mwaka 1977 na ambayo spea zake ni rahisi kupata. Za zamani zaidi, na ndugu zake wa Kihindi kama LML ya Kanpur iliyoanza kwa leseni ya Piaggio, hukaguliwa kwa utaratibu huo huo.

Kabla ya kwenda kuiona

Uliza kwa simu mambo manne: kadi ipo na ina jina la nani? Vespa ilipata nini hasa? Mara ya mwisho kutembea ni lini? Kuna kitu kimeshatolewa? Swali la mwisho lina maana kubwa. Chombo kilicholala gereji muda mrefu huwa kinaliwa kidogo kidogo, leo kabureta, kesho koili, mwisho unakuta bodi na rimu mbili.

Beba tochi, sumaku ndogo, bisibisi, kitambaa na utepe wa kupimia. Mchukue fundi wako mwenyewe, na umlipe siku yake. Fundi aliyeitwa na muuzaji, hata akiwa mwaminifu, ana mtu mwingine wa kumridhisha. Ukiweza, mwombe rafiki mwenye Vespa nzima ya aina ile ile mwende pamoja naye. Utaona baadaye jinsi Vespa yake itakavyokusaidia kuliko macho yako.

Nenda mchana, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ina moto, uliza kwa nini.

Karatasi kwanza

Omba kadi kabla ya kuinama kutazama tairi. Kisha tafuta nambari mbili zilizogongwa kwenye chuma. Kwenye PX, nambari ya bodi iko nyuma, ubavuni kwa upande wa injini. Toa kava ya kulia uone. Nambari ya injini iko kwenye mwili wa injini, karibu na inaposhikwa na shokapu. Herufi za mwanzo zinaeleza aina: PX ya cc 150 bodi yake huanza na VLX1T na injini na VLX1M, ya cc 125 ni VNX1T na VNX1M. Herufi T ni ya bodi na M ni ya injini. Nambari zenyewe si lazima zilingane, lakini kila moja lazima iwe kama ilivyoandikwa kwenye kadi.

Injini ikiwa na nambari tofauti na ya kadi, huenda ilibadilishwa kihalali, na jambo hilo linaweza kurekebishwa ofisini kama injini ina risiti au mkataba wake. Nambari ya bodi ikiwa imesagwa kwa msasa, imefunikwa na puti, au inaonekana kugongwa upya kwa herufi zilizokaa upande, aga kwa adabu uondoke. Hakuna bei inayoponya hilo.

Kuna na ile ya marehemu, ambayo ni nyingi kwetu. Mzee amefariki, Vespa imebaki uani, kijana mmoja wa nyumbani anaiuza. Kadi bado ina jina la baba. Hapo huyo kijana ni mrithi mmoja tu kati ya kadhaa, na mali ni ya wote mpaka mirathi igawanywe. Usimhukumu, ila usimpe pesa. Muulize kama mirathi imeshafunguliwa, iwe kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakamani, na nani aliyeruhusiwa kuuza. Pasipo karatasi hiyo, unaweza kutengeneza chombo kwa pesa yako halafu shangazi akatokea kutoka Pemba akadai fungu lake, na haki akawa nayo.

Kama Vespa ina nambari za usajili za Bara, pita kwanza ofisi inayosajili vyombo vya moto uulize taratibu na gharama za kuihamisha. Gharama hiyo ni sehemu ya bei.

Bodi: palipogongwa

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Anza na maneno, kwa sababu lugha ya wauzaji ina upole wake.

“Sheikh, imeanguka mara ngapi?”

“Haijaanguka, bwana. Ililala tu.”

“Ililala imesimama au ilikuwa inatembea?”

Vespa iliyolala ikiwa imesimama huumia kava ya pembeni, kishikio cha breki au klachi, na ukingo wa bati la mbele. Hayo ni madogo. Kava hutoka kwa mkono na nyingine huwekwa. Kishikio ni spea ya kawaida. Vespa iliyolala ikitembea huweza kuwa na yote hayo pamoja na foku iliyopinda. Na iliyogonga kitu kwa mbele, iwe gari, ukuta au ng'ombe, inataka uchunguzi wa peke yake.

Isimamishe juu ya stendi yake mahali palipo sawa. Rudi nyuma hatua kama tano, chuchumaa, uitazame kwa nyuma. Gurudumu la mbele na la nyuma yanasimama wima pamoja, au moja limeinamia upande? Nenda mbele ufanye hivyo hivyo. Sasa zungusha hendeli kushoto na kulia mpaka mwisho. Gurudumu au madigadi yakigusa bodi upande mmoja na upande wa pili hayagusi, kuna kitu kimepinda.

Hapa ndipo Vespa ya rafiki inapofanya kazi. Zisimamishe sambamba. Pima kwa utepe kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi kwenye bati, kwanza kwenye nzima kisha kwenye hii. Ya kwako ikiwa na nafasi ndogo zaidi, gurudumu limesukumwa nyuma. Sababu ni moja kati ya mbili: foku imepinda, au bodi imekunjika pale bomba la usukani linapokutana na sakafu. Ya kwanza ni spea. Ya pili ni msiba.

Kuzitofautisha, lala chini na tochi. Mulika chini ya sakafu nyuma tu ya gurudumu la mbele, na pale bati la mbele linapopinda kuwa sakafu. Tafuta mikunjo, rangi iliyopasuka mistari mistari, bati lililofura, au alama za kuchomelea zilizo nene na zisizo na mpangilio. Alama za kiwandani ni vidoti vidogo vilivyopangika kwa umbali sawa. Mshono mnene wa fundi wa kuchomelea maana yake mahali hapo palikatika au palikatwa.

Usidanganywe na rangi mpya. Vespa zilizofufuliwa Vietnam na kuuzwa Ulaya na Marekani zilijulikana kwa jambo hili: nje zinang'aa, ndani bodi imeungwa kwa vipande vya Vespa mbili na foku imechomelewa. Funika sumaku kwa kitambaa usije ukakwaruza, kisha ipitishe polepole kwenye bati la mbele, sakafu na mgongo. Inaponata imara pana chuma. Inapolegea au kuanguka pana puti nene. Puti kidogo kwenye kava si neno. Puti kwenye shingo ya bodi, karibu na usukani, ni siri ya mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ila katika biashara hii atakayeumbuka ni wewe uliye juu ya chombo.

Je, bodi iliyopinda hainyooki? Hunyooka, kwa fundi bodi mwenye vifaa vya kuvutia na kipimo cha kulinganishia. Wapo wachache. Kwa nyundo na moto wa gesi, utapata chombo kinachoonekana kizuri na kinachokimbilia upande kila ukiachia hendeli kidogo. Kwa mnunuzi wa kawaida, shingo iliyokunjika ni jibu la hapana.

Bodi: palipoliwa na kutu

Kisiwani adui ni chumvi. Vespa iliyowekwa Nungwi au Makunduchi, hatua chache kutoka ufukweni, huzeeka upesi kuliko iliyokaa Dole. Uliza pia kama ilikuwa ikibeba samaki: maji ya barafu yenye chumvi hutiririka sakafuni na kuingia kwenye viungo vya bati.

Inua mpira wa sakafuni, au tazama chini ya vipande vya mpira na alumini vilivyofungwa sakafuni. Kutu ya juu iliyo nyekundu na inayofutika kwa msasa haina shida. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya wastani. Ikizama, bati limeoza. Gonga na mpini wake ukisikiliza: bati zima hulia kwa sauti kavu, lililooza au lenye puti hutoa sauti butu. Usisahau boksi la bati lililo chini ya sakafu, lenye matundu ya kutolea maji. Matundu yakiziba, maji hukaa ndani na kutu hula kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo unapoona tundu dogo la nje, ndani pameshaoza pakubwa zaidi. Toa kava ya kushoto pia utazame pale panapowekwa tairi la akiba, maana ni mahali ambapo watu hawasafishi.

Sakafu iliyooza peke yake inaweza kukatwa na kuwekewa nyingine, na spea ya sakafu inauzwa. Ni kazi halali, ila ifanywe bodi ikiwa imefungwa isipinde, na lazima iingie kwenye hesabu. Sakafu iliyooza pamoja na boksi lililo chini yake ni hapana.

Foku na usukani

Foku ya Vespa ni bomba moja lililopindishwa kukwepa gurudumu na kulishika kwa upande mmoja, mtindo unaofanana na wa magurudumu ya ndege. Ndiyo maana tairi la mbele hutolewa kwa urahisi kama la gari. Upungufu wake ni kwamba pigo la mbele huingia lote kwenye bomba hilo.

Mwambie mwenzako aibonyeze Vespa nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimechoka. Zungusha hendeli polepole: ikinasa katikati, vikombe vya usukani vimeumia, na mara nyingi hiyo ni alama ya pigo la mbele. Tazama bomba lenyewe kama lina mkunjo au limechomelewa. Foku iliyochomelewa usiipande hata kwa majaribio. Foku nyingine ipatikane, bei yake iondolewe kwenye bei ya chombo.

Injini: kagua bila hofu

Karatasi ziko sawa na bodi imepita? Sasa unaweza kuitazama injini kwa utulivu, kwa sababu ubovu wake una bei inayojulikana.

Anza na swali: “Bwana, huwa unatia oili kiasi gani?” Injini hii ni ya tu-stroki, oili yake huchanganywa na petroli, isipokuwa zile zenye tangi la oili la peke yake. Jibu sahihi kwa PX ni asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Anayejibu hivyo bila kufikiri amekitunza chombo. Anayesema “natia kidogo tu” amekueleza kwa nini pistoni ilishika.

Piga kiki taratibu kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa. Iwe nzito kisha iachie: mgandamizo upo. Ikienda nyepesi kama haijashika kitu, ringi za pistoni zimekwisha au meno ya kiki yamelika. Isiposogea kabisa, injini imeshika. Usiilazimishe. Kushika si kifo: pistoni iliyoshika hutolewa, bloku huchongwa, na pistoni ya saizi kubwa kidogo huwekwa. Muulize fundi kama bloku imeshachongwa mara ngapi, maana chuma kina mwisho.

Hofu halisi iko kwenye mwili wa alumini wa injini. Kwenye PX, krenki yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga njia ya mchanganyiko wa petroli na hewa, ikipita karibu sana na uso laini uliochongwa ndani ya mwili huo. Kipande cha ringi au beringi kikivunjika na kupita hapo, huukwaruza, na injini haitakuwa na nguvu wala mwendo wa polepole ulio sawa hata utie pistoni mpya. Kama injini imeshafunguliwa, mwambie fundi atoe kabureta amulike. Tazama pia nyufa mahali inaposhikwa na shokapu na bolti kubwa.

Ikiwaka, subiri moshi. Moshi wa mwanzo ni wa kawaida. Moshi mweupe mzito usiokoma, pamoja na oili ya giaboksi inayopungua, ni sili ya upande wa klachi. Injini inayopanda yenyewe na kukataa kushuka ukiachia mkono wa mafuta huenda inavuta hewa kupitia sili ya upande wa magneto, na hiyo ndiyo njia ya kushika tena. Sili ni spea ndogo, ila kuifikia ya upande wa klachi kunataka injini ifunguliwe. Ipige hesabu kama kazi kubwa.

Vespa iliyozama kwenye mafuriko ya masika usiiwashe. Ifunguliwe kwanza, maji na matope yatoke, beringi zitazamwe.

Ipande, kama inapandika

Ukiwa na bima halali, helmeti kichwani, na breki zote mbili zikishika, zunguka nayo. Peleka gia ya pili ukiongeza mafuta, ikiwezekana kwenye mwinuko kama wa kwenda Masingini. Gia ikichomoka yenyewe, kipande cha kuchagulia gia chenye umbo la msalaba ndani ya giaboksi kimelika. Chenyewe ni kidogo, lakini kufika kilipo ni kuifungua injini yote.

Shika hendeli kwa ulegevu, bila kuiachia. Kuvuta kidogo sana upande wa injini hakushangazi. Kuvuta kwa nguvu kunakurudisha kwenye bodi na foku. Mwisho, ikiwa na moto, izime, subiri dakika chache, uiwashe tena. Isipowaka ikiwa moto, umeme wake una tatizo, platini kwa zile za zamani na CDI au koili kwa za baadaye.

Hesabu yenyewe

Chukua karatasi, mbele ya muuzaji au nyuma yake. Andika bei ya Vespa nzima ya aina hiyo hiyo mtaani kwenu leo. Toa spea zote, toa kazi ya fundi, toa rangi, toa gharama za karatasi. Halafu toa theluthi moja ya matengenezo kama akiba ya yasiyoonekana, maana injini ikifunguliwa hakukosi jipya. Kinachobaki ndiyo bei yako ya juu kabisa.

Mfano wa kujifunzia: Vespa nzima ni shilingi 3,000,000. Foku, taa na kava ni 400,000, injini 500,000, fundi 200,000, rangi 300,000. Jumla ya matengenezo ni 1,400,000. Akiba ya theluthi ni kama 470,000, na karatasi 100,000. Bei yako ya juu ni 1,030,000. Muuzaji akishikilia 1,500,000, hana ubaya, ila umepata jibu. Ongeza kidogo utafute inayotembea, utapanda leo badala ya kusubiri miezi gereji.

Tahadhari moja: hesabu hii ina maana kama una pesa ya matengenezo mkononi sasa. Anayenunua kwa pesa yake yote na kutumaini ya kutengenezea itakuja, huongeza Vespa moja zaidi kwenye zile zilizolala.

Ukikubali

Andikeni mkataba hata kama mnajuana. Uwe na majina, nambari za vitambulisho, nambari ya bodi na ya injini, bei, hali ya chombo kama ilivyo siku hiyo, na mashahidi wa pande zote mbili. Pelekeni kwa sheha au wakili. Lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu, na usimalize pesa yote mpaka kadi halisi iwe mkononi na muuzaji amesaini fomu za kuhamisha umiliki. Badilisha jina mapema. Ukiacha kadi kwa jina lake, siku chombo kikigonga mtu mtaitwa wawili, na siku akifariki utakuwa na kesi ya mirathi isiyo yako.

Na ukijikuta kati ya Vespa mbili za bei sawa, moja inawaka kwa kiki ya kwanza lakini shingo yake ina puti, nyingine injini yake iko ndani ya ndoo lakini bodi imenyooka na kadi ni safi, chukua ya ndoo.